Kabla Hujanunua Betri, Nunua Daftari

Shemeji yangu anauza chipsi, mishkaki na juisi kwenye kirikuu pale Sinza, Dar es Salaam, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Kwa miaka mitatu biashara yake ilikwenda kwa vidole. Mteja akifika anainua viwili: sahani mbili. Anakunja ngumi na kuipasua hewani: anataka na mayai. Akiulizia juisi ya parachichi, shemeji anamwinamia, anaweka kiganja sikioni, kisha anapaza sauti: "Imeisha, bosi!" "Nini?" "Imeisha!" Mteja anatabasamu kama mtu ambaye hajasikia kitu, anaondoka zake. Nyuma ya gari jenereta inanguruma, imefungwa kamba kwenye bampa, moshi wake unapita juu ya kachumbari.

Jioni alipoizima kwa mara ya kwanza na kuwasha betri, kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mafuta ya chipsi. "Shem, nimekaanga viazi miaka mitatu," akaniambia, "leo ndiyo nayasikia mafuta yangu." Mkaangaji yeyote anajua maana yake. Viazi vibichi vikiingia kwenye karai, mafuta yanapiga kelele kwa sababu ya maji yaliyomo ndani ya viazi. Maji yakipungua, kelele inashuka na kuwa mlio mwembamba, na hapo ndipo chipsi hutolewa. Kwa miaka mitatu alikuwa anakisia kwa macho, tena chini ya taa ya kijani.

Makala haya ni yako wewe mwenye kirikuu, guta, bajaji ya mizigo au kontena la magurudumu, unayeuza chakula pasipo na soketi na umechoka kulisha jenereta. Nitakupitisha njia tuliyopita, pamoja na shimo tulilotumbukia. Na kama utakumbuka neno moja tu, basi liwe hili la wahenga: mali bila daftari huisha bila habari.

Jenereta ndiyo mali bila daftari. Unamimina, inakunywa, haikuulizi kitu. Ukiwasha taa moja au vifaa vitano, yenyewe inanguruma vilevile, na petroli ikiisha unamtuma kijana na kidumu. Betri haina tabia hiyo. Kila jioni inakuuliza: unataka kuendesha nini, na kwa muda gani? Mwenye jibu itamfaa kwa miaka. Asiye na jibu itamzimikia saa 3 usiku, foleni ikiwa imejaa.

Tulifikaje kwenye petroli

Hatukuipenda jenereta kwa ujinga. Mgao wa umeme wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 ulimfundisha kila mfanyabiashara kwamba bila kijenereta friji ni kabati tu. Wazanzibari wana kumbukumbu nzito zaidi: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu, kisiwa cha Unguja hakikupata umeme kutoka bara, na mji mzima ukaishi kwa ngurumo za jenereta.

Lakini mambo yamesogea. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme bado unakatika mitaani, nguzo zinaanguka, transfoma zinaungua, ila muuzaji wa barabarani leo hasumbuliwi na nchi kukosa umeme. Anasumbuliwa na kukosa pa kuchomekea. Umeme upo nyumbani kwake, upo kwenye fremu ya jirani. Kilichokosekana ni chombo cha kuubebea hadi kwenye kijiwe. Betri ndiyo ndoo hiyo. Haizalishi maji, inayabeba. Ukiielewa hivyo, maswali yote yanayofuata ni yale ya mtu anayekwenda bombani: nahitaji ndoo ngapi, nitateka wapi, na ndoo yangu isivuje.

Petroli inakwenda wapi

Tulikaa jioni moja na kalamu. Jenereta ya shemeji ilikuwa inamaliza lita 5 kwa saa 6 za kazi. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000. Wewe weka bei ya mwezi huu kama ilivyotangazwa na EWURA. Hiyo ni shilingi 15,000 kila jioni, na kwa jioni 26 za mwezi ni shilingi 390,000. Hapo hujahesabu oili, plagi, kabureta ya kusafishwa, na siku ile kamba ya kuvutia inapokatika wateja wanakutazama.

Kisha tukapima vifaa vyake vilitumia umeme kiasi gani kwa jioni hiyo. Jibu lilikuwa uniti 3.85, uniti hizihizi za LUKU. Gawanya: kila uniti ilimgharimu karibu shilingi 3,900. Nyumbani kwake, kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti hiyohiyo pamoja na kodi ni takribani shilingi 356. Alikuwa ananunua umeme kwa bei ya mara 11 bila kujua.

Sababu yake ni rahisi. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, hivyo lita 5 ni uniti 45. Zilizofika kwenye blenda na taa hazikufika hata 4. Nyingine zote ziligeuka joto, moshi na kelele, kwa sababu injini inazunguka hata wakati husagi kitu. Jenereta ndogo inayobeba mzigo mwepesi ni kama daladala linalokwenda Mbagala na abiria wawili: mafuta ni yaleyale.

Kuna suala la afya pia. Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Anayewasha jenereta ndani ya gari lililofungwa kwa sababu mvua inanyesha anacheza na roho yake na ya msaidizi wake. Kule Marekani, jimbo la California, kanuni zilizopitishwa 2021 zinataka jenereta ndogo mpya za kuanzia toleo la 2028 zisitoe moshi kabisa. Wenzetu wanasukumwa na kanuni. Sinza tunasukumwa na bei ya lita, na msukumo wetu unauma kila jioni.

Ukurasa wa kwanza: andika kila kitu

Nunua daftari la shilingi mia tano. Andika kila kifaa unachochomeka, wati zake, na muda kinaofanya kazi kweli kwa jioni moja. Wati zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa. Zidisha wati kwa saa, upate wati-saa. Wati-saa 1,000 ni uniti moja.

Neno "kweli" hapo juu lina uzito. Blenda ya shemeji ina wati 500, na yeye aliapa kwamba inafanya kazi usiku kucha. Tukamweka mpwa wake na simu apime: kila glasi ilichukua kama sekunde 45, glasi 40, jumla nusu saa. Friji nayo inawaka na kujizima yenyewe. Kompresa yake inafanya kazi kama nusu ya muda. Ukikosea hapa utanunua betri kubwa mara mbili ya haja yako, na duka halitakurudishia chenji.

Hivi ndivyo ukurasa wake ulivyosomeka:

- Taa 6 za LED, wati 9 kila moja, saa 5: wati-saa 270
- Friji ndogo ya kioo, wastani wa wati 75, saa 6: wati-saa 450
- Blenda, wati 500, nusu saa: wati-saa 250
- Feni, wati 40, saa 5: wati-saa 200
- Spika na chaji za simu, wati 30, saa 6: wati-saa 180
- Kabati la kutunzia chipsi zisipoe, wastani wa wati 400, saa 5: wati-saa 2,000
- Birika la umeme, wati 2,000, jumla ya robo saa: wati-saa 500

Kama hujiamini na hesabu za makaratasi, maduka ya vifaa vya umeme yanauza kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma matumizi ya kifaa kimoja. Huna hela ya kipimo? Tumia LUKU yako. Siku ambayo hakuna mtu nyumbani zima kila kitu, chomeka friji ya biashara peke yake, soma uniti zilizobaki, rudi baada ya saa 6 usome tena. Tofauti ndiyo jibu.

Ukurasa wa pili: ondoa moto kwenye umeme

Sasa tazama orodha ile tena. Vifaa vitano vya kwanza, taa, friji, blenda, feni na spika, vinakula wati-saa 1,350 kwa pamoja. Viwili vya mwisho vinakula 2,500. Na vyote viwili kazi yake ni kupasha moto.

Hii ndiyo kanuni inayookoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote la dukani: betri ni ya kuzungusha, kumulika na kupoza; moto ni wa gesi. Kifaa chochote kinachopasha, iwe birika, kikaango cha umeme, kibaniko cha mkate au kabati la joto, kinakunywa betri kama mchanga unavyokunywa maji. Kuviacha kwenye umeme kungemlazimu shemeji kununua betri yenye ukubwa karibu mara tatu.

Kabati la joto tukaliondoa. Mahali pake tukaweka sinia lenye kifuniko juu ya jiko la pili la gesi, moto mdogo kabisa. Maji ya chai yakachemshwa kwenye gesi na kumiminwa kwenye chupa. Gesi iliongezeka kwa takribani shilingi 40,000 kwa mwezi. Ni hela, lakini ni sehemu ndogo ya ile petroli.

Kisha friji. Hapa tulijifunza kutoka kwa wauza barafu, wanaobeba deli mgongoni tangu hatujazaliwa. Barafu nayo ni betri: umeme wa nyumbani unaigandisha usiku, nayo inakupa baridi jioni nzima bila waya. Shemeji anagandisha chupa za plastiki zenye maji ya chumvi, anazipanga kwenye deli pamoja na soda na maji ya kuuza. Friji ikabaki na nyama, maziwa na matunda yaliyokatwa, ikawa haifunguliwi kila dakika. Kila inapofunguliwa, joto la Dar es Salaam linaingia, na kompresa inalazimika kulitoa kwa umeme wako.

Ndoo ya ukubwa gani

Tulibakiwa na wati-saa 1,350. Usikimbilie dukani na namba hiyo, kwa sababu umeme unapungua njiani. Inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, inakula sehemu yake. Tenga asilimia 15. Ukigawanya 1,350 kwa 0.85 unapata karibu 1,600. Halafu betri haitakiwi kukaushwa mpaka tone la mwisho. Ya lithiamu ipangie kutumia asilimia 80. Gawanya 1,600 kwa 0.8, unapata 2,000. Hiyo ndiyo ndoo.

Betri ya volti 24 yenye ampea-saa 100, kwa lithiamu, inabeba wati-saa 2,560. Inatosha jioni ya kawaida na inabakiza akiba ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Kuna aina mbili utakazooneshwa. Ya kwanza ni ya risasi na asidi, iwe ya kuongezwa maji au ile iitwayo betri kavu. Bei yake ya kuanzia ni nafuu, lakini hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo kwa kazi hiihii ungehitaji betri mbili za volti 12, ampea-saa 150 kila moja, zenye uzito wa kilo 80 na ushei. Ukizitumia kila jioni, zinachoka baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchaji na kutumia, yaani mwaka mmoja au miwili. Ya pili ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Uzito wake ni kama kilo 25, na iliyotengenezwa vizuri inavumilia mizunguko 2,000 na zaidi. Kwa jioni 26 kwa mwezi, hiyo ni miaka 6. Soma lebo hiyo kwa macho yako. Ziko lithiamu za aina nyingine zinazowaka moto kwa urahisi zaidi zikiumia, na ziko zilizounganishwa vichochoroni kwa seli za kompyuta chakavu. Hizo usizisogeze karibu na karai la mafuta.

Shimo tulilotumbukia

Tulianza vibaya. Kabla ya hesabu zote hizi, tulikwenda duka moja mjini, tukamwambia muuzaji tunataka betri za kuwashia kirikuu cha chipsi. Akatuuzia betri tatu za magari, zilizotumika, kwa bei ya kuvutia. "Hizi zinawasha Fuso," alisema, akipiga moja kofi la upendo.

Alisema kweli, na ndipo tatizo lilipo. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena hapohapo. Bamba zake za ndani ni nyembamba. Ukiikamua polepole jioni nzima hadi iishe, kesho tena, keshokutwa tena, bamba zinaharibika. Tulizifunga siku chache kabla ya Ramadhani, msimu ambao mihogo na juisi za futari ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Wiki ya kwanza zilifika saa 4 usiku. Ya pili, saa 3. Sikukuu ilipofika, taa zilikuwa zinafifia kabla ya Isha, na shemeji akarudi kwenye jenereta kwa aibu.

Muuzaji hakutudanganya neno hata moja. Aliuliza tu bei tuliyonayo, nasi hatukuwa na namba nyingine ya kumpa. Ukienda dukani na ukurasa wa daftari, mazungumzo yanabadilika: "Nahitaji betri ya wati-saa 2,000, mzigo wangu mkubwa kwa mpigo ni karibu wati 800, nitachaji kwa saa 7." Muuzaji mzuri ataelewa. Mbabaishaji ataanza kusifia rangi ya boksi.

Inveta na waya

Friji na blenda zina mota, na mota inapoanza kuzunguka inadai umeme mara 3 hadi 6 ya kawaida yake, kwa muda mfupi. Friji ya wati 150 inaweza kudai 900 kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana inveta ya wati 500 itakuzimikia ingawa kwenye makaratasi inaitosha friji hiyo. Kwa mzigo kama wa shemeji chukua ya wati 1,500, na sisitiza iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme unaofanana na wa TANESCO. Zile za bei ya kutupa zinafanya kompresa iungurume na kuchemka, na utakachookoa kwenye inveta utakilipia kwenye friji.

Chagua volti 24 badala ya 12. Inveta ikitoa wati 1,500 kwa betri ya volti 12, waya unapitisha ampea kama 140. Kwa volti 24 ni nusu yake. Ampea nyingi kwenye waya mwembamba ni joto, na joto ni moto. Waya kati ya betri na inveta uwe mnene na mfupi, ulioshikwa kwa klipu zilizobanwa kwa chombo chake, si kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Karibu kabisa na betri iwekwe fyuzi. Fundi akikwambia fyuzi si lazima, mlipe nauli arudi kwake.

Na usichomeke jenereta na inveta kwenye njia moja. Weka swichi ya kubadilishia, upande huu betri, upande ule jenereta, ili visikutane kamwe.

Kukaa pamoja na gesi, mafuta na maji

Kirikuu ni jiko, na jiko lina maadui watatu wa betri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, ikingoja cheche. Basi betri na inveta zikae mbali na mtungi, upande wa pili wa gari, na sakafu iwe na matundu ya kupumulia. Mafuta ya karai yanarukaruka, kwa hiyo betri iwe ndani ya sanduku la chuma lenye mfuniko na upenyo wa hewa, limefungwa kwa bolti, maana barabara za mitaa yetu zina mashimo na betri ya kilo 25 ikirushwa ni silaha. Maji ni adui wa tatu: gari linaoshwa kila usiku kwa ndoo na sabuni. Inua sanduku juu ya usawa wa maji.

Usiiweke betri chini ya bati la juu linalopigwa na jua mchana kutwa. Na kama ulichagua ya asidi, usiichaji chumbani unakolala, kwa sababu inapojaa hutoa gesi inayoshika moto.

Kuchaji: nyumbani, kwenye fremu, juani

Shemeji anachaji nyumbani. Anarudi saa 6 usiku, anachomeka chaja ya ampea 10 ya betri hiyohiyo ya volti 24, analala. Kwa saa 7 hivi ndoo imejaa. Gharama yake, ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, ni uniti 1.8, yaani kama shilingi 640 kwa jioni. Kwa mwezi haifiki 17,000. Chaja iwe ya aina ya betri yako. Ya asidi na ya lithiamu hazina maelewano.

Anayelaza gari mbali na nyumbani aongee na mwenye fremu jirani. Mlipe kwa uniti, weka mita ndogo kati yenu, na mtaheshimiana miaka yote. "Nipe elfu tatu kwa siku" inaonekana rahisi, lakini kwa uniti chini ya mbili unakuwa umelipa karibu mara tano ya bei ya TANESCO.

Jua ni msaidizi mzuri, ila usimwachie duka. Paneli ya wati 400 ikilala juu ya kirikuu, kwa siku ya jua kali Dar es Salaam, inaweza kukupa uniti moja na ushei. Lakini gari likiegeshwa chini ya mwembe, au vumbi na masizi ya mishkaki yakiikalia, mavuno yanashuka sana. Inapendeza kwa anayeuza mchana ufukweni. Kwa muuzaji wa jioni, chaja ya ukutani kwanza, paneli baadaye.

Hesabu ya mfukoni

Rudi kwenye ukurasa. Petroli ilikuwa 390,000 kwa mwezi. Sasa umeme ni 17,000 na gesi ya ziada ni 40,000. Kinachobaki mfukoni ni 333,000. Tuseme betri, inveta, chaja, waya, fyuzi na fundi vimekugharimu jumla ya milioni 2.6. Gawanya: karibu miezi 8. Weka bei ulizopewa wewe. Jibu likizidi miezi 24, ama petroli unayotumia ni kidogo mno, ama umeuziwa ndoo kubwa kuliko kiu yako.

Milioni mbili na ushei hazikai kwenye droo ya muuza chipsi. Kama uko kwenye VICOBA, huu ni mkopo unaojilipa, tofauti na ule wa sare za harusi: marejesho yanatoka kwenye hela ambayo zamani ilikwenda kituo cha mafuta. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na nenda na hesabu iliyoandikwa. Vyovyote utakavyonunua, dai risiti na dhamana ya maandishi inayosema miaka mingapi, na nani atakayeitengeneza hapahapa nchini.

Nani asihame leo

Si kila gari liko tayari. Mashine ya juisi ya miwa yenye mota ya nguvu-farasi 1 inakula wati 750 na zaidi. Ikizunguka saa 5 ni karibu uniti 4. Mashine ya aiskrimu laini nayo haina huruma. Mwenye kazi hizo atafute kwanza kijiwe chenye soketi. Asiye na umeme nyumbani wala kwa jirani naye asubiri, au aanze na paneli na taa tu.

Wewe uliye tayari, usiuze jenereta mwezi wa kwanza. Iwekee oili safi, iwashe dakika kumi kila wiki mbili, ikae nyumbani kwa ajili ya Sabasaba, harusi ya mchana kutwa, au siku nguzo ya mtaani inapoanguka. Ukimaliza miezi mitatu bila kuigusa, hapo tafuta mnunuzi.

Na daftari usilitupe. Shemeji bado analo, limelowa mafuta kila ukurasa. Wiki ile tulipokuwa tunahesabu sekunde za blenda, mpwa wake aliandika pia idadi ya glasi, na usiku shemeji akailinganisha na hela ya droo. Zilisagwa glasi 40. Ilionekana hela ya glasi 33. Saba zilikuwa zimenywewa na marafiki, na nikiwa mkweli, mbili zilikuwa zangu. Miaka mitatu jenereta ilinificha. Sasa nikifika pale, shemeji ananisikia vizuri nikiagiza, naye anajibu bila kupaza sauti: "Parachichi ipo, shem. Elfu mbili."